Maabara ya Uani: Wastaafu Wanauliza

Barua za safari hii zote zimetoka kwa wastaafu waliokabidhi ofisi na kushika utafiti wao wenyewe. Majina tumeyaondoa na barua tumezifupisha. Swali linalowagusa wengi limejibiwa kwa kirefu. Wenye majibu mafupi watuwie radhi.

Kila makala ninayoitaka imefungwa

*Nimestaafu ualimu wa fizikia na sasa nafuatilia nyota zinazobadilika mwangaza. Nikiipata makala ninayoihitaji, tovuti ya jarida inanionyesha ikisiri (muhtasari) tu, kisha inadai malipo. Zamani chuo kilikuwa kinanilipia. Mtu asiye na chuo anasoma vipi?*

Shikamoo, mwalimu. Ukurasa wa mchapishaji ni mlango wa mbele, na huo ndio uliofungwa. Makala nyingi zina mlango wa uani, na ni halali kabisa kuupitia.

Kwa fani yako usihangaike na mitambo ya utafutaji ya kawaida. Ingia NASA ADS, hazina ya makala za astronomia. Kwenye kila makala utakuta viungo vya nakala kamili: kimoja kinakurudisha kwa mchapishaji, kingine kinakupeleka arXiv, ghala la nakala za awali (zinazowekwa kabla ya jarida kuzichapisha) lililoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991. Wanaastronomia wengi huweka kazi zao humo. Majarida ya zamani nayo yamepigwa skani ukurasa kwa ukurasa, mengine ya tangu karne ya 19, na kuyasoma ni bure. Kwa mtu wa nyota zinazobadilika hilo ni jambo kubwa, kwa sababu vipimo vya miaka 100 iliyopita bado vina kazi leo.

Wasomaji wa fani nyingine waanze na DOI. Hiyo ni namba ya utambulisho wa makala. Huanza na 10 na nukta, na huandikwa karibu na kichwa cha makala. Inakili yote. Kichwa kinaweza kufanana na cha makala nyingine, lakini DOI haifanani. Kisha weka Unpaywall kwenye kivinjari cha kompyuta. Ni nyongeza ya bure. Ukifungua ukurasa wa makala, alama ya kufuli hujitokeza pembeni: ikiwa ya kijani, ipo nakala halali ya bure na ukiibofya inafunguka, ikiwa ya kijivu, nyongeza haikuipata. Hiyo haina maana kwamba nakala haipo. Bandika kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kisha fungua kiungo kilicho chini ya tokeo kinachoorodhesha matoleo yote. Mara nyingi mojawapo katika orodha hiyo ni faili la PDF lililowekwa na mwandishi mwenyewe kwenye tovuti ya chuo chake.

Upande wa tiba na baiolojia, tafuta PubMed Central, wala usiichanganye na PubMed, ambayo kwa sehemu kubwa hutoa ikisiri. Utafiti unaogharimiwa na taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, umekuwa ukiwekwa humo kwa masharti tangu 2008, ila wachapishaji waliruhusiwa kuuchelewesha hadi miezi 12. Kwa makala zilizokubaliwa kuanzia Julai 1, 2025 ruhusa hiyo ya kuchelewesha imeondolewa. Kwa mimea na wadudu, vitabu na majarida ya zamani yamo Biodiversity Heritage Library.

Yakishindikana yote hayo, mwandikie mwandishi. Anwani ya barua pepe imo ukurasa wa kwanza, kando ya jina lenye nyota au alama ya bahasha. Mistari minne inatosha: kichwa na DOI, unachotafuta ndani yake (“nahitaji jedwali la 2”), ombi la nakala, shukrani. Usimsimulie miaka yako ya kazi. Asipojibu kwa wiki mbili, huenda alikuwa mwanafunzi na ameshahama chuo. Jaribu jina la mwisho katika orodha ya waandishi. Katika fani nyingi za maabara huyo ndiye msimamizi, na wasimamizi hawahamihami. Maktaba ya umma nayo iulizwe kama inaazima kutoka maktaba nyingine.

Tahadhari moja: nakala ya awali si lazima ilingane na iliyochapishwa. Wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua kabla haijachapishwa, wakigundua kosa, jedwali hubadilika na hitimisho hulegezwa. Kama kazi yako inategemea namba moja iliyo humo, angalia arXiv ina matoleo mangapi na usome la mwisho. Tovuti za kiharamia tunazijua, na hatuzielekezi: zinakiuka hakimiliki, na anayefuata hatua hizi kwa subira hazihitaji sana.

Nimezipata, sizielewi

*Nilikuwa muuguzi kwa miaka 30. Makala sasa ninazo, lakini nasoma ukurasa wa kwanza mara tatu na nabaki pale pale. Umri umenitupa?*

Umri hauna kosa, mama. Unaanzia mahali pabaya. Ukurasa wa kwanza ni utangulizi, na utangulizi huandikiwa watu ambao tayari wamo kwenye mjadala. Anza na ikisiri, ruka hadi kwenye picha na majedwali, soma maelezo yaliyo chini yake, kisha rudi kwenye sehemu ya mbinu. Hitimisho liache mwisho, maana hapo mwandishi anakuuzia na ni vema uwe umeshaikagua bidhaa.

Kwenye mbinu tafuta mambo manne: walipimwa wangapi, walilinganishwa na nani, kipimo kilikuwa kipi, na nani aliyelipia. Kisha funga makala na uandike nusu ukurasa kwa maneno yako. Usipoweza, hujaielewa bado, rudia. Na kama fani ni ngeni, makala ya kwanza iwe ya mapitio, ile inayokusanya kazi za wengine. Marejeleo yake yatakurudisha nyuma, na orodha ya walioinukuu iliyoko Google Scholar itakupeleka mbele.

Thamani ya *p* ndiyo inayowapoteza wengi. Chukua mfano wa kazi uliyoizoea. Dawa imeshusha shinikizo la damu kwa milimita 1 ya zebaki, na *p* ni 0.001. Namba hiyo ndogo inasema kwamba, kama dawa haifanyi kitu, tofauti kama hiyo ingetokea kwa nadra mno. Haisemi kwamba tofauti ni kubwa. Umempima mgonjwa huyo huyo mara mbili ndani ya dakika tano ukaona inapishana zaidi ya milimita 1, au siyo?

Hifadhi makala zako kwenye Zotero, programu ya bure. Faida yake isiyosemwa sana ni kwamba hukuonya ikiwa makala uliyoihifadhi imefutwa na jarida. Makala iliyofutwa huendelea kupakuliwa na kunukuliwa miaka na miaka, na nakala uliyoipata kwa mlango wa uani haina mhuri wa kukuambia.

Maprofesa 40, kimya

*Nimeandika nadharia mpya ya mvutano (graviti), kurasa 84. Nimeituma kwa maprofesa 40 na hakuna hata mmoja aliyejibu. Wanaogopa?*

Mzee wetu, hawaogopi. Hawajaisoma. Barua za namna hiyo wanazipata kila mara, na kurasa 84 kutoka kwa wasiyemjua ni wiki nzima ya kazi. Wanapima kwa dakika moja: je, nadharia inatoa namba ambazo tayari zinajulikana? Nadharia yoyote ya mvutano lazima itoe ile ziada ya sekunde 43 za tao (kipimo kidogo cha pembe) kwa karne katika mzunguko wa sayari ya Zebaki, na kupinda kwa mwanga kando ya Jua kwa sekunde 1.75 za tao. Weka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa wa kwanza, hatua kwa hatua. Kisha useme nadharia yako inatofautiana wapi na ya Einstein, na kwa kiasi gani, kwa namba ambayo chombo kilichopo kinaweza kuipima. Ukikwama kwenye hayo, profesa hana la kukusaidia.

Mlangoni wanapita wastaafu pia. David Smith wa Uingereza, fundi mstaafu wa uchapaji, alikuwa akicheza na maumbo kwenye kompyuta na kuyakata kwa karatasi ngumu. Mwaka 2022 alipata umbo la pande 13 ambalo lilionekana kujaza sakafu bila mpangilio wake kujirudia. Alimwandikia Craig Kaplan, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Machi 2023 wawili hao pamoja na wenzao wawili wakatoa uthibitisho. Angalia alichokipeleka: umbo moja na swali moja, kitu ambacho mpokeaji angeweza kukikata mwenyewe na kukijaribu mezani.

Kwa upande wa pili yuko Thomas Royen, mtakwimu mstaafu wa Ujerumani. Mwaka 2014 alithibitisha tatizo la uwezekano lililowasumbua wanahisabati kwa miongo kadhaa. Uthibitisho aliuandika kwa Word badala ya LaTeX, programu ya kupanga maandishi ambayo wanahisabati hutumia, akauchapisha kwenye jarida lisilosomwa sana, na ikapita miaka kabla haujajulikana sana. Uthibitisho ulikuwa sahihi na bado sura yake ikauchelewesha. Inaudhi, lakini LaTeX ni bure na inafunzika kwa wiki chache.

Kama moyo wako uko kwenye sayansi kuliko kwenye nadharia ile, kuna milango isiyoomba barua. AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika, kimekuwa kikipokea vipimo vya nyota kutoka kwa wasio wanataaluma tangu 1911.

Dawa ya majani

*Nimechemsha majani ya mti fulani na majirani watatu wenye kisukari wamepata nafuu. Nataka kuwapa watu 20 na kuandika matokeo.*

La, usiwape. Kumpa binadamu dawa ya majaribio bila kibali cha kamati ya maadili ni kosa, na jarida la maana halitayapokea matokeo hayo. Kuna hatari kubwa kuliko hiyo: majani yakishusha sukari juu ya vidonge ambavyo mgonjwa anameza, anaweza kuzirai usingizini, na akiacha vidonge kwa kuyaamini majani, ni hatari nyingine. Watatu hawathibitishi kitu, maana sukari hupanda na kushuka kwa chakula, na mtu anayejua anafuatiliwa hubadili mlo.

Unachoweza kufanya ni kuutambua mti. Kata tawi lenye majani na ua au tunda, libane kati ya magazeti, badili magazeti kila siku hadi likauke, andika tarehe na mahali, ulipeleke kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ukipewa jina la Kilatini, angalia visawe vyake kwenye Plants of the World Online ya bustani ya Kew, kisha tafuta kila jina kwenye PubMed. Ukitafuta kwa jina moja tu, nusu ya kilichoandikwa inaweza kukupita.

Vihisi vyangu havipatani

*Nataka kujua kama udongo ulio chini ya matandazo ni baridi kuliko udongo mtupu. Nimenunua vihisi vinne vya joto aina ya DS18B20, vya chuma. Nikiviweka pamoja mezani vinapishana hadi nyuzijoto 0.8, na mara nyingine kimoja kinasema 85. Nimeuziwa vibovu?*

Swali limetupendeza, kwa sababu umevijaribu pamoja kabla ya kuvifukia. Wengi hufukia kwanza.

Mtengenezaji anaahidi usahihi wa nyuzi 0.5 juu au chini, kati ya -10 na 85. Kwa hiyo viwili vizima kabisa vinaweza kupishana kwa nyuzi 1 nzima, na 0.8 yako si ubovu. Usidanganywe na tarakimu: kihisi hiki husoma kwa hatua za 0.0625, lakini usomaji wa hatua ndogo na usahihi ni vitu viwili. Bandia nazo ni nyingi sokoni, na hizo hazijaahidi chochote.

Ile 85 ni namba inayokaa kwenye kihisi mara kinapopata umeme, kabla hakijapima. Programu yako inasoma mapema mno. Kwa usomaji wa biti 12, kipimo huchukua milisekunde 750, basi subiri sekunde nzima. Ikitokea hata ukisubiri, umeme unakatika: kagua lehemu, na uhakikishe kuna rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa volti. Waya ukiwa mrefu, panga vihisi kwa mstari mmoja mfano wa kamba ya nguo. Ukivitawanya kutoka kitovu kimoja, ishara hurudi mwangwi na vingine hupotea. Ukiona -127, programu haikioni kihisi kabisa. Futa 85 na -127 kabla ya kupiga wastani, lakini zihesabu: siku yenye nyingi ni siku ya waya mbovu.

Sasa sifuri. Gandisha maji yaliyotoneshwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha kurudishwa kuwa maji, hayana chumvi), yaponde ponde hadi vipande viwe kama punje za mahindi, jaza chupa ya chai hadi juu. Mimina maji yaliyotoneshwa ya baridi yajaze nafasi tu. Barafu ikianza kuelea, umezidisha, punguza. Hapa ndipo wengi wanapokosea: barafu ikielea juu, maji ya chini hukaa karibu na nyuzi 4, kwa kuwa hapo ndipo maji huwa mazito kuliko yote, na kihisi kinachogusa kitako kinapima hayo. Chumvi nayo hushusha sifuri, ndiyo maana maji ya bomba hatuyataki. Funga vihisi vinne kwa uzi, vizamishe katikati visiguse kuta, subiri dakika 20. Chukua vipimo 10, kimoja kila dakika, upate wastani wa kila kihisi. Kikisema 0.37, toa 0.37 kwenye kila kipimo chake kuanzia leo. Kila DS18B20 ina namba yake ya kudumu ndani. Andika hitilafu mbele ya namba hiyo. Rangi ya waya usiitegemee.

Sifuri pekee haitoshi, kwa sababu hitilafu inaweza kubadilika kadiri joto linavyopanda. Rudia kwa maji ya uvuguvugu ya nyuzi 25 hadi 35 kwenye chupa hiyo hiyo, ukikoroga, na ulinganishe vihisi vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa swali lako, kupatana kwao kuna uzito kuliko ukweli wa kila kimoja.

Kwenye shamba, kina ndicho adui. Mchana jua likiwaka, joto hupungua haraka unavyoshuka, na sentimita 2 za tofauti zinaweza kukupa baridi utakayoisifia matandazo bure. Chimba shimo dogo, pima sentimita 10 kwa rula, choma kihisi kwa mlalo kwenye ukuta wa shimo ambao haujachimbwa, kisha rudisha udongo na uushindilie. Kikiachwa na hewa pembeni, kinapima hewa. Usitarajie kilele saa sita. Kwa kina hicho huja saa kadhaa baada ya kilele cha juu ya ardhi, kwa hiyo kupima mara moja kwa siku hakukufai. Kila dakika 15 kunatosha.

Viwanja viwili havitoshi pia. Kimoja kinaweza kuwa na kivuli au unyevu ambao hukuuona. Tenga vinne, rusha sarafu kuamua vipi viwili vipate matandazo, na kila wiki hamisha vihisi vizunguke vyote. Baada ya wiki nne kila kihisi kitakuwa kimekaa kila kiwanja, na hitilafu iliyosalia itakuwa imegawanyika sawa pande zote. Saa ya kifaa iwe aina ya DS3231, ambayo hupotea kama dakika 1 tu kwa mwaka.

Jarida linaniita “Mtukufu Profesa”

*Nimepata barua pepe ikisifu kazi yangu na kuahidi kuichapisha ndani ya siku 7 nikilipa ada. Mimi ni fundi mitambo mstaafu, sijawahi kuwa profesa.*

Usilipe. Wapitiaji wa kweli hawamalizi kwa siku 7, na jarida lenye heshima haliwindi waandishi kwa sifa za uongo. Jarida lolote litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi, na ulitafute kwa ISSN, namba yake ya utambulisho, maana wapo wanaoiga jina na jalada la jarida halali. Humo unaweza pia kuchuja yasiyotoza mwandishi ada. arXiv haitozi kitu, ila mgeni huhitaji kudhaminiwa na mwandishi ambaye kazi zake zimo humo tayari.

Data zako usizifungie kabatini wakati ukisubiri. Zenodo, ghala linaloendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, tangu 2013, hupokea faili bure hadi gigabaiti 50 kwa wasilisho na kulipatia DOI. Hakuna anayekagua kama kazi ni sahihi, basi usijitangaze kuwa “umechapisha kwenye jarida”. Weka vipimo ghafi kwa CSV (jedwali la maandishi matupu), na faili la maelezo linalosema kila safu ni nini na kwa kipimo gani, saa ni ya ukanda upi, kifaa ni kipi, na hitilafu ulizotoa. Ukishachapisha usibadili faili kimyakimya. Marekebisho yatoe kama toleo jipya. Na jina la faili liwe na tarehe, mfano 2025-03-14_udongo_ghafi.csv. Tumeshapokea moja liitwalo “mpya_ya_mwisho_kabisa_2”, na hata mwenyewe hakujua ya 1 iko wapi.